Foleni Iliyokuwa na Majina Matatu

Nilirudi Kibondo mwaka 2013 bila shahada ya uzamili niliyokwenda kuitafuta. Tasnifu yangu ilikuwa imerudishwa mara ya pili, na pembeni ya ukurasa wake wa kwanza mtahini aliandika maneno mawili tu kwa kalamu ya risasi: "Unamaanisha nini?" Nilikaa nyumbani Murungu miezi kadhaa nikiyachambua maneno hayo. Nilijiuliza kama lilikuwa swali au hukumu, na kwa nini mtu atumie kalamu ya risasi ikiwa ana hakika na anachokiandika. Kwa mtu wa namna hiyo, kazi ya kuandika mwongozo wa programu ya kompyuta ilionekana kama likizo.

Mradi ulionichukua ulipanga nyumba mjini Kibondo na kuzigawia zahanati za Kibondo na Kasulu kompyuta ndogo za kuandikia dawa zinazoingia na zinazotoka. Kiongozi wake alikuwa mtaalamu wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, mtu aliyeamini kwamba lami inapoishia ndipo akili za watu zinapoishia. Aliniita Profesa, kwa kuwa alijua habari za tasnifu yangu. Siku ya kwanza nilimwuliza kama kuna orodha ya majina ya sehemu za programu, ili mwongozo mzima uyafuate. Alinitazama kama mtu aliyeombwa orodha ya majina ya kuku wake.

"Profesa, wewe andika," alisema. "Watu wenyewe hawasomi."

Mradi huo ulifanya warsha ya siku mbili Kasulu kujadili rangi ya jalada la mwongozo. Nilihudhuria. Watu wazima wenye shahada walibishana asubuhi nzima kama kijani cha jalada kifanane na cha majani ya mhogo au cha bendera, wakanywa soda, wakapiga picha ya pamoja. Hakuna aliyeuliza ndani ya jalada kutakuwa na nini.

Basi niliandika. Kiini cha programu kilikuwa sehemu moja ndogo upande wa kushoto wa skrini, iliyoandikwa Foleni. Kumbukumbu za wiki zilikaa humo zikisubiri mtandao, na Ijumaa mtunza dawa alibofya Tuma zikaenda makao ya wilaya. Hakuna jambo jepesi zaidi ya hilo. Lakini mimi nilifundishwa insha Murungu na mwalimu aliyeamini kwamba kurudia neno moja ni umaskini, na aliyewahi kunisimamisha mbele ya darasa nisifiwe kwa kuandika kurasa mbili kuhusu mvua bila kulitaja neno mvua zaidi ya mara moja. Chuo kikuu kiliukuza ugonjwa huo badala ya kuutibu. Kwa hiyo katika sura ya pili niliiita Foleni. Katika sura ya nne, nikihofia kumchosha msomaji, niliiita Sanduku la Kusubiri. Katika sura ya sita, ambako nilikuwa nimekwisha kujipenda, niliiita Hifadhi ya Muda, na nikaandika sentensi niliyoiona nzuri kuliko zote: "Usitume chochote kabla ya kuhakikisha kwamba kumbukumbu zote zimo katika Hifadhi ya Muda." Niliisoma kwa sauti nikaridhika na mizani yake. Kiongozi wa mradi alitia saini bila kufungua ukurasa.

Katikati ya mwaka 2014 ilikuja habari kwamba zahanati moja ya upande wa Makere haijatuma chochote kwa miezi minne. Katika taarifa za wilaya mstari wake ulikuwa mtupu, na kwa kuwa zahanati isiyotumia dawa haihitaji dawa, mgao wake ulipunguzwa. Watu waliokwenda na homa walirudishwa bila vidonge. Walilalamika, na lawama zikamwangukia mtunza dawa, mama wa makamo aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba. Kikao kiliitishwa Alhamisi mjini Kasulu ili mkataba wake usitishwe. Kiongozi wetu alikwisha kuandika sababu, na aliipenda sana kwa jinsi ilivyotosha kila mahali: uzembe wa mtumiaji.

Nilitumwa Jumanne kwenda kuichukua kompyuta. Nilifika kwa bodaboda nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilimwamkia yule mama kwa Kiha, "mwakeye," akaitikia bila haraka, akanipa kigoda, kisha akasema kwa Kiswahili kwamba anajua nimefuata nini, ila angependa kwanza kumwona aliyeandika kitabu cha kijani.

Nilimwambia ni mimi.

"Ego," alisema, yaani ndiyo ya kwao. "Basi karibu sana, mwalimu. Nilikitafuta ulichoandika humo ndani ya kompyuta miezi minne nikakikosa."

Akainuka, akatoa juu ya kabati la dawa kaunta buku nene lenye jalada gumu. Juu yake alikuwa amebandika karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HIFADHI YA MUDA. Ndani, kwa mwandiko ulionyooka kuliko mistari ya kitabu chenyewe, alikuwa amenakili kila kidonge kilichoingia na kutoka tangu siku ya kwanza. Hakuna siku iliyorukwa. Siku ambayo hakuna mgonjwa aliyekuja aliandika kwamba hakuna mgonjwa aliyekuja.

Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwenye skrini aliiona Foleni, kumbukumbu zake zote zikiwa humo. Kitabu kikamwambia asitume mpaka kumbukumbu ziwe katika Hifadhi ya Muda, na Hifadhi ya Muda hakuiona. Aliipigia simu ofisi ya mradi mara mbili, na sauti ya mwanamume ikamjibu asome mwongozo. Akausoma tena mpaka kurasa zikalegea. Mwisho akaona kwamba yeye hakupewa Hifadhi, kama vile ambavyo hakupewa friji, na alivyozoea kufanya kwa visivyoletwa, akatengeneza ya kwake. Sanduku la Kusubiri nalo lilikuwepo, boksi la katoni chini ya meza, alimoweka risiti. Kompyuta aliilinda isitume mpaka aje mtu wa kumwonyesha pa kuhamishia.

Nilimwambia kwamba vyote vitatu ni kitu kimoja.

Hakukasirika, na laiti angekasirika. Aliuliza tu kwa nini nilifanya hivyo. Nilianza kumweleza kuhusu visawe na mtindo, na jinsi sikio linavyochoka. Nilijisikia nikizungumza kama kijitabu cha warsha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu, sisi tumekulia kwenye karatasi," alisema. "Marehemu baba alikuwa na jina moja kwenye kadi ya mgao ya kambi ya wakimbizi, na jingine kwenye fomu ya uraia. Ofisini wakatuambia hao ni watu wawili, tumlete na yule mwingine. Tulihangaika mwaka mzima tukimtafuta mtu aliyekuwa amekaa nyumbani anamenya mihogo." Akacheka kidogo. "Kwa hiyo nikiona majina matatu kwenye kitabu cha serikali, mimi nahesabu vitu vitatu. Wewe ungehesabu vingapi?"

Kitabu chetu hakikuwa cha serikali, lakini sikuwa na uso wa kumsahihisha.

Njiani kurudi niliwaza mengi, na mengi ya hayo yalikuwa ya kijinga. Niliwaza kwamba kukiri kutanipotezea kazi ya pekee iliyokubali kunichukua. Niliwaza kama kosa ni langu au la aliyetia saini, na kama aliyetia saini bila kusoma ametia saini kweli. Tulipofika Heru Juu nilikuwa nimekwisha kujenga hoja tano za kunyamaza, zote zikiwa na mshikamano ambao tasnifu yangu haikuwahi kuwa nao. Lakini kaunta buku lilikuwa mkobani pamoja na kompyuta, na kila bodaboda iliporuka shimo lilinigonga mgongoni.

Alhamisi kiongozi wetu alisoma taarifa yake akiwa amesimama. Yule mama alikaa nyuma karibu na mlango, kitenge kikiwa kimefungwa vizuri, mikono magotini. Ofisa wa wilaya aliyeongoza kikao, mtu wa Mbeya mwenye haraka, aliuliza kama kuna la kuongeza kabla mkataba haujafungwa.

Niliweka kaunta buku mezani. Nilifungua mwongozo nikasoma sentensi yangu ya sura ya sita, na safari hii sikuisikia mizani yake.

"Kitu hiki hakipo," nilisema. "Ni Foleni. Mimi ndiye niliyeipa majina matatu. Huyu mama alifuata kila neno nililoandika."

Kiongozi wetu alicheka. "Profesa, kumbe ulikuwa unatutungia shairi?"

Hakuna aliyecheka naye. Ofisa alifungua kaunta buku, akapekua kurasa kumi hivi, akamwita yule mama mbele na kumwuliza kama angeweza kutuma pale pale. Mama alisogea, akachomeka modemu kwenye ile kompyuta niliyoichukua kwake, akabofya Tuma. Tulitazama tarakimu kwenye Foleni ikishuka polepole, miezi minne ya homa na vidonge ikipita mbele ya watu waliokwisha kumhukumu, mpaka ikabaki sufuri. Ofisa alikunja karatasi ya kusitisha mkataba akaitia mfukoni.

Mimi niliruhusiwa kusahihisha mwongozo kabla ya kuondoka kwenye mradi. Niliandika Foleni kila palipostahili Foleni, mara tano katika ukurasa mmoja bila aibu. Ilikuwa nathari mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika, na haikuwezekana kuielewa vibaya. Kiongozi aliuchapa upya mwaka 2015, ukiwa na jalada lile lile la kijani, na akaongeza dibaji yake mwenyewe. Katika dibaji hiyo, mtu ambaye hakuwahi kuufungua ule wa kwanza aliisifu sehemu bora ya programu, aliyoiita Safu ya Usubirishaji.

Nilikuwa shambani Murungu nikipalilia maharage simu ilipoita. Yule mama hakusalimia.

"Mwalimu, kuna Safu ya Usubirishaji?"

"Hakuna, mama. Ni Foleni."

"Nilijua," alisema. "Nimekwisha kuikata kwa kalamu. Nilitaka nikusikie wewe ukisema."