Mufano Wangu Mbele ya Baba Mukubwa

Mucheke tu, lakini aibu ya hii mambo ni kubwa, hata bibi yangu sikumuelezea mpaka tulipozaa mutoto wa pili.

Wakati ya Zaire, miaka ya themanini, nilikuwa kijana wa Bunia mwenye kusoma sana, tena mwenye kujua kama nasoma sana (ile ndiyo ilikuwa ugonjwa yenyewe), niko namaliza masomo ya juu ya filozofia kule Lubumbashi, na kazi yangu yote ilikuwa juu ya maneno yenye kutenda kitu wakati mutu anayasema: kuapa, kubariki, kukana. Niliandika kurasa na kurasa kuonyesha kama neno likitolewa kwa mufano tu, linakuwa bule, halina nguvu.

Baba mukubwa, kaka ya marehemu baba yangu, ndiye alinilea mpaka nikakomala. Jumapili ya kunisindikiza aliita jamaa, tukakula bugali na kuku, ikabaki kitu kimoja: anibariki, kwani kwetu mutoto hapande ndege kuenda kuhojiwa na maprofeseri bila baraka ya baba. Basi mama mukubwa, bibi yake, akaniuliza kwa upole kule wananifundisha nini hasa. Ningejibu filozofia nikaenda kunawa mikono, ingeisha. Hapana, nikasimama.

"Mufano," nikasema. "Baba mukubwa, tangu leo weye haiko tena baba yangu."

Baba mukubwa akatua kikombe. Na mimi, pahali pa kuomba musamaha, nikacheka, nikawaambia wasiogope, ni mufano tu, na ili waelewe vizuri (Mungu wangu, bado natoka jasho) nikarudilia yote kwa sauti ya profeseri, mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta ya lupango.

Mama mukubwa akasema polepole: "Mara ya kwanza ulimi iliteleza. Na ya pili?"

Baba mukubwa akaingia chumbani, akafunga mulango. Ndege ilikuwa kesho yake, na baba wa kwanza nilishamuzika. Sasa wa pili nilimutupa na mudomo yangu mwenyewe.

Asubuhi mama mukubwa akanipa kuku mweupe, akaniamuru nimupakate, nikae chini inje ya mulango ya nyumba kuomba musamaha, vile desturi inataka kwa mutoto mwenye kukana baba. Nikakaa na abakosi, ile suti ya wakati ya Zaire, mupya ya safari, kuku ananichafua mapaja, na watu wa kuenda soko wananiuliza kama nauzisha.

Saa ya kuondoka ikakaribia ndipo baba mukubwa akatoka na kikombe ya maji, akavuta funda moja, akanitemea kifuani, vile wazee wetu wanabariki. "Nakubariki, mutoto wangu," akasema. Nikaanza kupumua. Akaongeza: "Kwa mufano."

Mimi, mwenye kurasa zote zile, nikamushika miguu, nikalia, nikamuomba aondoe ile neno. Akaniangalia, akaniangalia tena, kisha akacheka mpaka machozi ikatoka.

"Sasa umesoma," akasema, akanitemea maji mara nyingine, bila mufano.

Kule Lubumbashi profeseri mukubwa aliniomba nitoe mufano wa neno lenye kutenda. Nikamujibu kama mifano yangu yote ilibaki Bunia. Walicheka, wakafikiri ni akili, na mimi sikuwasahihisha, lakini tangu pale jina ya baba sitaje tena kwa kujaribisha maneno.