Jarida Nililoambiwa Si Langu

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nilikuwa msichana, mpiga chapa katika ofisi ya maghala huku Temeke. Ofisi ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza, na mgeni aliyekuja kuifunga alituachia boksi la majarida ya kompyuta yaliyosomwa mpaka yakachakaa.

Bosi aliyagawa mwenyewe. Yenye picha za rangi, yanayofundisha kuwasha mashine na kuchapisha barua, yalikuwa ya watumiaji. Hayo akatupa sisi wanawake wa chapa. Ya watengeneza programu, yenye kurasa nzima za maagizo ya kompyuta, akayaweka upande wa vijana wa uhasibu. Mimi nikanyoosha mkono upande wao.

"Zuhura, hilo si lako," akaniambia. "Wewe ni wa kutumia tu."

"Na mie nataka kujua programu zinavyotengenezwa, bosi."

Watu wakacheka. Bosi naye akacheka, akasema nichukue, ila Ijumaa niandike programu moja ya humo mbele ya wote. Ikifanya kazi, mafunzo ya kompyuta nitapelekwa mimi. Ikigoma, nirudi kwenye taipureta yangu na nisimsumbue tena. Nafasi ilikuwa moja, na niliitaka kuliko kitu chochote.

Nikachagua programu fupi ya kupanga majina kwa alfabeti. Ijumaa nikaketi, vidole vikakimbia. Nilikuwa mwepesi kweli, wala sijisifu bure. Nikamaliza, kompyuta ikagoma. Nikalinganisha na jarida mara tatu, sikuona kosa. Mhasibu mmoja akalichukua jarida mezani kwangu bila hata kuniomba.

Nikaenda kulia stoo. Mama Salome, mkuu wetu wa chapa, mama wa bara asiyejua kubembeleza mtu, akanifuata.

"Shikamoo, mama," nikasema huku nafuta machozi.

"Marahaba. Ile programu inasemaje?"

"Nimeiandika yote kama ilivyo."

"Sijakuuliza umeandika nini. Mstari wa kwanza unafanya kazi gani?"

Sikujua. Nikatazama chini.

"Basi hukuisoma. Umeipiga chapa kama barua ya bosi. Kwa hiyo aliyosema juu yako ni kweli, na mimi sipendi yawe kweli."

Maneno yale yaliniuma kuliko vicheko vyote. Nikatoka stoo, nikamwambia yule mhasibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Naomba jarida langu." Akanipa. Nikalisoma mstari kwa mstari Jumamosi na Jumapili, mpaka nikalijua kosa. Taipureta zetu hazikuwa na kitufe cha namba moja. Sisi wapiga chapa tulibonyeza herufi ndogo ya L badala yake, na kwenye karatasi hakuna aliyetofautisha. Vidole vyangu vilifanya vivyo hivyo kwenye kompyuta, nayo ilitaka namba.

Jumatatu nikawaita wote, nikaweka namba moja kila palipokuwa na L. Majina yakajipanga. Bosi akakunja uso.

"Umebahatisha."

Nikaifuta programu yote mbele ya macho yake, nikafunga jarida, nikampa alishike yeye. Kisha nikaiandika upya tangu mwanzo, nikimweleza kila mstari unafanya nini. Majina yakajipanga tena. Mafunzoni nikaenda mimi.

Siku hizi sisikii tena habari za majarida. Mnasoma kwenye simu, na hata programu mnaandikiwa na mashine yenyewe. Mnanakili, mnabandika, mnasonga mbele, na mkiulizwa mstari wa kwanza unafanya nini mnatazama chini kama mimi. Nasema wazi, hilo silipendi. Jarida la watumiaji halina ubaya, mimi mwenyewe bado ningelisoma nikilipata. Kibaya ni mtu kukutazama sura, au gauni ulilovaa, akakupangia ukomo wa akili yako. Mtu huyo mkatalie, awe bosi, mwalimu au hata mimi niliyekuzaa. Lakini ukishalichukua lile gumu, usiwape watu sababu ya kulitwaa tena. Lisome mpaka uweze kulieleza likiwa limefungwa.

Mungu akupe utulivu wa kusoma na shingo ngumu ya kudai kilicho chako, mwanangu. Na atakayekuja kukunyang'anya, akukute umeshaelewa.