Santuri ya Wazee na Masikio ya Mama

Wazee wale wametoa santuri mpya. Nawaita wazee kwa kuwa ni rika langu, na mimi mwenyewe siku hizi nikishuka ngazi nashika ukuta. Ni Waswidi, wapiga muziki wa panki, tena ile panki kali ya mbio na mayowe, ambayo wimbo wake unakwisha hujajua kama umeanza. Zamani walikuwa vijana wa bendi mbalimbali. Sasa waliobaki hai wamekusanyika bendi moja wakaingia studio. Habari hiyo niliiona kwenye simu nikiwa nachambua mchele. Niliagiza santuri pale pale, na mchele ule sikuumaliza.

Najua mtu akiniona dukani na baibui langu hawezi kudhania. Kisa chenyewe si kirefu. Baada ya mapinduzi ya Unguja wazazi wangu walihangaika huku na huku, hatimaye baba akapata kazi kwenye kiwanda cha chuma katika mji mdogo wa Uswidi. Huko ndiko nilikosoma. Mama hakukishika Kiswidi, wala hakujisumbua, kwa sababu mkalimani alikuwa naye: mimi. Dukani, hospitali, kwa mwenye nyumba, alinivuta mkono akauliza, "Anasema nini huyo?" Swali hilo ndilo utoto wangu. Nami nilikuwa mkalimani wa huruma zaidi kuliko wa ukweli. Aliyesema kwa ukali nilimlainisha, na mwenye dharau nilimtia adabu ambayo hakuwa nayo.

Jirani na kwetu palikuwa na ukumbi wa vijana, na Jumamosi jioni bendi zile zilipiga humo. Nilisimama karibu na ngoma, kitambaa kichwani, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Kelele zilinijaa mwili mzima pasibaki nafasi ya kitu kingine, na mimi nilikuwa na vingi vya kusahau. Mama alikuja kunichukua. Alisimama mlangoni na koti lake refu, vidole masikioni.

"Wanasema nini?"

"Wanaomba amani, mama."

"Amani gani yaombwa kwa makelele hayo?"

Walikuwa kweli wanapinga mabomu. Mara hiyo moja nilikuwa nimefasiri sawasawa, naye hakuniamini.

Baadaye baba alisema sasa tunarudi kwetu, yaani Oman, nchi ya mababu, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutia mguu. Tukarudi. Nilipata kazi wizarani, nikaolewa, nikaachika, mtoto sikujaaliwa. Baba alifariki. Kaka zangu wamejenga mtaa wa Mabela, kila mmoja na mkewe na watoto wake na magari yake. Ijumaa wanakuja baada ya sala, wanakula, wanalala kidogo, wanaondoka. Siwalaumu, kila mtu ana wake. Huku mtaani kwetu Mawaleh tumebaki mimi na mama, na tangu soko la mboga lihamishwe, hata honi za malori zilizokuwa zikinitia hasira alfajiri hazipo tena.

Halafu masikio ya mama yakaondoka. Hayakuondoka kwa kishindo. Nilimuuliza kuhusu chai akanijibu kuhusu mvua, tukacheka. Mara ya pili tukacheka kidogo. Kaka mkubwa alimnunulia vifaa vya kusikia, vizuri kabisa, akavivaa asubuhi moja, akasema vinampigia mbinja kichwani, akavifungia kwenye droo pamoja na miwani ya marehemu baba. Nikapaza sauti kwa muda, nikachoka, nikaacha. Tukaingia kwenye ishara: mkono mdomoni ni chakula, kiganja shavuni ni kulala, kidole juu ni sala. Siku nzima ilipita kwa vidole.

Nilikuwa mpweke. Nalisema hivyo hivyo kwa sababu kulizunguka hakukunisaidia. Nilikuwa mpweke na mama yangu yuko mbele yangu, ananitazama. Wala sikutaka makubwa. Nilitaka nimwambie mtu jambo, naye anijibu jambo hilo hilo, si la mvua.

Santuri ilifika mwezi wa joto kali. Kijana wa kuleta vifurushi alikuwa ameizungusha kwenye gari mchana kutwa, na nilipoitoa ndani ya gamba lake niliona imepinda. Nilimtukana moyoni kwa Kiswidi, lugha ambayo matusi yake bado ninayo yote. Nikaibana kati ya vioo viwili, juu nikaweka gunia la mchele, nikaiacha mpaka ikatulia. Ikabaki na wimbi dogo ukingoni.

Mashine ya baba ya santuri iko sebuleni, chini ya picha yake. Mama alikuwa amekaa kochi lake na tasbihi, baada ya sala ya alasiri. Nilipokuwa msichana nilingoja atoke ndipo nipige muziki wangu. Siku hiyo sikuwa na haja ya kungoja, na hilo liliniuma kuliko nilivyotazamia. Nikaweka sindano, nikafungua sauti mpaka mwisho, maana ni nani atakayelalamika?

Nilitegemea wazee wenzangu wamepunguza mwendo. Wapi. Mpiga ngoma anakimbia kama anayefukuzwa, gitaa linakereza kama msumeno, na hakuna wimbo hata mmoja wa kupumzikia. Bado wanalaani mabomu, kwa kuwa mabomu bado yapo. Kilichozeeka ni koo la mwimbaji. Zamani alipiga kelele kama mtu aliyekasirika. Sasa anapiga kelele kama mtu anayetaka mlango ufunguliwe. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilikuwa nimepata kitu kizuri na sina wa kumwambia.

Wimbo wa mwisho wa upande ule kiitikio chake ni maneno matatu tu: *alla har sina*. Maana yake kila mtu ana wake, ana watu wake. Anayarudia na kuyarudia, na kwa sababu ya lile wimbi la ukingoni sauti yake ilikuwa ikipanda na kushuka kama ya mtu anayeomboleza.

Tasbihi ya mama ikasimama.

"Nani huyo anayelia?"

Niligeuka. "Unamsikia, mama?"

Mimi hakunisikia. Aliyemsikia ni yule mwimbaji. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, macho ameyafumba.

"Masikini," akasema. "Amwita Mwenyezi Mungu. Asema, Allah, Allah, sina."

Mwanamke aliyeniuliza miaka yote ile watu wanasema nini, leo ndiye ananifasiria mimi. Neno la Kiswidi la kusema wote limekuwa Mungu, na neno la kusema watu wake limekuwa kukosa. Ningeweza kumsahihisha. Nikatazama picha ya baba, nikatazama makochi yote yale matupu ya kungojea Ijumaa, nikaona hakuna cha kusahihisha.

"Hana nini?" mama akauliza.

Nikasimama. Nikavuta pumzi ya tumboni, nikapiga kelele juu ya ngoma zile kama nilivyotamani kupiga kule ukumbini na nikaona haya.

"Hana mtu wa kuzungumza naye!"

Mama akafumbua macho. Hakuitazama mashine, alinitazama mimi.

"Yeye, au wewe?"

Nimefasiri kwa kulainisha tangu nina meno ya utoto. Jibu la kulainisha lilikuwa tayari mdomoni.

"Sote wawili, mama!" nikapiga kelele, na sauti ikanikatika kama yake yule mzee.

"Basi, basi. Nimesikia." Akakunja tasbihi kiganjani. "Miye nnadhani umeninunia. Kila siku nnaona midomo yenda, sauti haitoki. Nikasema, mwanangu ana lake na mimi, ngoja nimwache."

Akapigapiga kochi ubavuni pake, nami nikaenda nikakaa. Wimbo ulikuwa umekwisha, sindano inakwaruza. Mama alitega sikio kidogo, asisikie kitu.

"Keshamaliza?"

"Bado upande wa pili!" nikampigia kelele sikioni.

"Mgeuze," akasema.