Twiga Ndani ya Soksi

Kufunga mizigo nilikuwa nakujua kwa namna mbili tu. Ya kwanza ni sanduku la bati la bodingi: blanketi chini, sabuni pembeni, kufuli juu. Sanduku hilo nililirudisha nyumbani nikiwa kidato cha pili, wazazi wetu walipofariki wakifuatana. Sikurudi shuleni. Lakini sanduku lilirudi, mara nyingi, kwanza na mdogo wangu anayenifuata, kisha na dada yetu kitinda mimba, na mfungaji nilikuwa mimi.

Namna ya pili ni kufunga twiga.

Mimi ni mchongaji hapa Wamunyu. Twiga wa mbao hufungwa kwa uangalifu kwa sababu ya shingo. Unamvalisha soksi kuukuu kutoka kichwani mpaka mabegani, unamzungushia gazeti, halafu unamzika kwenye katoni iliyojaa maranda. Hata hivyo wengi huvunjika njiani, hasa wenye shingo iliyoinama. Ndiyo maana wenzangu kibandani huwachonga wakiwa wamesimamisha shingo, hata yule anayetembea. Shingo ya wima hulala vizuri kwenye katoni.

Wangu, akitembea, huinamisha shingo mbele. Ndivyo baba alivyochonga, na ndivyo alivyonifundisha kabla hajaugua. Alisema aliwaona kwa macho yake alipokuwa kijana akichunga ng'ombe za watu kule uwanda wa Athi. "Twiga si askari wa gwaride," alisema. Nikashika hapo hapo.

Wenzangu walinicheka miaka nenda miaka rudi. "Huyu wako ameangusha shilingi?" fundi mmoja aliniuliza kila nilipomaliza kupiga msasa. Mwingine alimjibu, "Hapana, amekutana na mama mkwe." Nilicheka nao, nikaendelea kuinamisha. Kwenye simu kulikuwa na picha za kila aina, kila mtu akipata ya kujitetea nayo. Twiga mwenyewe, mwenye damu, sikuwa nimemwona.

Mwaka huu wadogo zangu wakaniambia tunaenda Tsavo, sisi watatu, likizo ya Agosti. Ingekuwa safari yetu ya kwanza pamoja isiyo ya mazishi. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilichoogopa ni kwamba huenda baba alijisemea tu, kama wazee wanavyosimulia ujana wao. Wadogo zangu walikula na kusoma kwa pesa ya twiga wale. Nikikuta mnyama anatembea na shingo wima, ningerudi kibandani na uso gani?

Jioni ya kuamkia safari, dada alilifungua sanduku langu. Sasa yeye ni mwalimu, na anapekua mizigo kama mwalimu.

"Mkubwa, hii ni nini?"

"Mizigo."

"Kwani unaenda kuripoti fomu wani?" Akatoa blanketi. Akatoa sukari, sabuni ya mche, karatasi ya choo na mfuko wa njugu za kuchemsha. "Huko wako na blanketi."

"Na kama ni nyepesi?"

Akainua shati langu la mtumba la madoadoa ya kijani. "Hii rangi ya jeshi utashikwa nayo."

"Mwache aivae," mdogo wangu akasema kutoka mlangoni. "Tutamwacha na askari getini, tuendelee. Gari itakuwa nyepesi."

Vitu vilivyobaki vikahamia kwenye begi laini la mgongoni. Chini kabisa ndani ya sanduku dada akakuta katoni, na ndani ya maranda, twiga.

"Na huyu?"

"Huyo anaenda."

Hakuhitaji maelezo. Alipokuwa mdogo alikuwa akiwapiga twiga msasa baada ya shule, kwa hiyo maneno ya shilingi na mama mkwe aliyasikia yote. Alimkung'uta maranda, akachukua soksi zangu mpya na kumvalisha mwenyewe, kichwani mpaka mabegani, vile nilivyomfundisha.

"Hizo ni za kuvaa," nikasema.

"Utavaa ndala."

Tsavo tulimkuta twiga asubuhi, mbele kidogo ya gari, akila majani ya mgunga. Alikuwa amesimamisha shingo. Wima kabisa. Mdogo wangu alizima injini bila kunitazama. Nililishika begi magotini.

Alikula mpaka akaridhika. Kisha akageuka, akaanza kutembea kuvuka barabara, na shingo ikashuka. Ilikwenda mbele, ikarudi kidogo, ikaenda mbele tena, kila hatua, kama mkono wa mtu anayesukuma pampu ya kisima. Nilimvua wangu soksi, nikamweka dirishani. Mgongo, bega, shingo: pembe ni ile ile. Baba alikuwa ameona.

"Ni yeye," dada akasema, akichukua video.

Mdogo wangu alijipangusa macho kwa kola ya shati. "Lakini masikio umeyafanya madogo, Mkubwa."

"Masikio nitayarekebisha."

Nilicheka mpaka twiga akasimama kututazama.

Jumatatu nilirudi kibandani na ile video. Yule fundi wa shilingi aliitazama, akaniomba niianze upya, akaitazama tena. Wengine walisubiri aseme neno. Alichukua gogo la jakaranda, akashika tezo aanze kuchonga, akasita.

"Inainama kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa kiganja, kama baba alivyonionyesha. Halafu nikamwambia akusanye soksi kuukuu zaidi, maana kuanzia sasa hata wake watakuwa wanavunjika.