Salamu Nusu Mlangoni kwa Shangazi

Sikulazimishi uniamini. Mimi mwenyewe, kama ningesimuliwa haya na mtu mwingine, ningemuuliza kwanza alitafuna mirungi ya nani. Lakini niliyaona kwa macho haya yenye miwani, mchana kweupe, Kismayo, katika nyumba ya shangazi yangu. Simu yenyewe bado ninayo, na kuna jumbe mbili ndani yake ambazo hazifutiki.

Sisi Wabajuni siku hizi tunaishi ndani ya simu. Chovai, kisiwani kwetu, wamebaki wachache. Wengine wako Mombasa, wengine kambini, wengine Ulaya, na baraza la ukoo limekuwa kundi la WhatsApp. Humo vijana wameyanyoa maneno mpaka yamebaki mifupa. Mimi imekuwa mm. Sijui ni cjui. Assalamu alaykum ni asc, kifupisho tulichokichukua kwa Wasomali, na jibu lake ni wcs. Mimi na shahada yangu ya isimu nilichelewa sana. Mpwa wangu wa Ulaya alipoandikiwa HBD na ukoo mzima, nilidhani ni jina la ugonjwa, nikamwombea shifaa ya haraka. Kumbe ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Walinicheka mpaka nikaona haya kufungua simu. Basi nikajifunza vifupisho vyote, na kama ujuavyo, mzee akijifunza jambo la vijana hulizidisha.

Wakati huo Twaiba, binti wa shangazi, alikuwa amejifungua mtoto wa kike na bado yumo ndani ya arobaini. Nilikuwa nimetoka Mombasa kuja kumwona mtoto. Shangazi alinipokea, akanilisha, kisha akanipa sheria ya nyumba.

"Mchu asotimiza salamu yake, usimfungulie. Mpaka arobaini ipite."

"Na akiwa na haraka, shangazi?"

"Mwenye haraka na apite zake. Vitu vya baharini huweza kuianza salamu. Kuimaliza haviwezi."

"Na bubu je?"

"Chuo kimekuharibu, mwanangu. Bubu wa mtaa huu namjua, naye hupiga makofi."

Nilicheka. Unadhani ningefanya nini? Nimeandika makala nzima kuhusu imani za pwani, tena nikalipwa.

Siku moja, jua likiwa utosini, shangazi alitoka kwenda nyumba ya pili kumchukulia mzazi uji. Watu walikuwa wamejifungia kulikimbia joto. Hata kuku hakupita. Twaiba alikuwa chumbani, na nilimsikia mtoto ana kwikwi, ile kwikwi ndogo ya watoto wachanga. Nikakaa ukumbini na simu yangu. Ikalia.

asc

Hapakuwa na jina wala namba ya mtumaji. Mtandao wa kwetu una vituko vyake, sikujali. Kidole kikajibu chenyewe: wcs.

nko mlangoni

Nikauliza nani. Likaja jibu: mm.

Sasa, ukiandikiwa mm na mtu wa ukoo uliotawanyika dunia nzima, unaanzaje kumwambia humjui? Nikafungua ubao mmoja wa mlango. Alisimama mwanamke aliyejitanda jilbabu nyeusi, uso ameuinamisha, vidole gumba vikicheza juu ya kitu alichokishika mbele ya kifua. Pindo la nguo yake lilikuwa limelowa chapachapa, na vumbi chini yake lilikuwa kavu.

"Salamu yako, dada?" nikasema.

Hakuinua uso. Vidole vikacheza. Simu yangu ikalia.

asc

"Kwa mdomo, tafadhali. Ni sheria ya mwenye nyumba."

asc asc asc

Kisha: nkrbishe

Niamini, nywele zilinisimama. Lakini papo hapo nikajionea haya. Labda ni bubu mwingine, nikajiambia, mgeni mtaani. Mtu mzima, msomi, unamwacha mwanamke juani kwa sababu ya hadithi za majini? Na kwa kuwa yeye aliandika, nami nikaona adabu ni kumjibu kwa kuandika. Nikaandika krb.

Akanyanyua mguu, akauweka ndani ya kizingiti. Hapo ndipo nilipokiona alichokuwa nacho mkononi. Haikuwa simu. Lilikuwa gamba la kasa, bapa, bichi, bado lina utelezi, na vidole gumba vyake vilikuwa vikiandika juu yake.

Ndani, kwikwi ya mtoto ikakatika.

"Kaka!" Twaiba akapiga ukelele. "Kaka, mtoto hapumui!"

Shahada yangu haikunisaidia hata chembe. Kilichonijia ni kile nilichofunzwa kabla sijajua kuvaa suruali. Nikajaza kifua, nikaitoa salamu yote, sikuacha hata pumzi: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu ni deni la mwenye kupewa. Akainua uso. Uso wenyewe sitauelezea. Mdomo ukafunguka.

"Wa," akasema. "Wa. Wa. Wa."

Kama gari linalokataa kuwaka. Maji ya chumvi yakamtiririka kidevuni. Nikairudia salamu, kwa sauti zaidi, na kila nilipofika mwisho wake alirudi nyuma bila kugeuka, mpaka akapotea kwenye kichochoro kinachoteremka ufukweni. Chumbani, mtoto akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Shangazi aliporudi na bakuli la uji, alinitazama, akautazama unyevu kizingitini, akauliza neno moja tu: "Ulimkaribisha?"

Nikampa simu. Jumbe za yule mwanamke hazikuwamo tena. Zilikuwamo zangu tu: wcs, na krb. Mpaka leo zimo.

Mtoto yu hai. Ni msichana mwerevu sasa, katika chuo cha Kurani mwalimu humsifu, sura huzisoma bila kukwama, na maneno hayamwishi. Isipokuwa salamu. Akifika mlangoni husema "Assalamu," kisha husimama, mdomo wazi, macho yameelekea baharini. Tumejaribu kumfunza kwa upole, kwa zawadi, kwa machozi. Haimalizi. Kwa hiyo haendi popote peke yake. Lazima awepo mtu wa kumshika mkono na kummalizia.

Wewe unayesoma, andika utakavyo, kata maneno yote. Salamu iandike mpaka mwisho, na usimkaribishe asiyeimaliza. Sisi tumechelewa. Mwezi uliopita, nilipokuwa tena Kismayo, mtoto alimponyoka shangazi sokoni, na jua likiwa utosini mlango ukagongwa. Nje sauti ndogo ikasema, "Assalamu," ikanyamaza.

Twaiba alikimbilia komeo, akalishika, akanigeukia huku analia. Hakujua ni mwanawe au ni yule.