Nilikwenda Tlawi Kugawa Ng'ombe

Niliondoka Katesh kwa sababu binti yangu Rehema alinifukuza dukani. Alinifukuza kwa adabu, lakini kufukuzwa ni kufukuzwa. Duka ni la vyombo na jengo ni langu mwenyewe, fremu tatu na uwanja nyuma, nimelijenga kidogo kidogo tangu enzi za kutandika sufuria chini pale mnadani. Siku ya kulifungua tulisoma dua, tukala pilau, majirani wakanipongeza mpaka nikaona haya. Wiki ileile nikaanza kuugua ugonjwa usio na dawa: sikuwa na la kufanya. Miaka yote nilizoea kuamka alfajiri nikiwaza saruji, nondo na bati. Sasa niliamka alfajiri vilevile, nikatazama dari yangu, basi. Rehema anauza vizuri kuliko mimi. Nikabaki kupanga sufuria, kuzipangua na kuzipanga tena, na kuwagombeza wateja waliozishika.

"Mama, hizo sufuria zimekukosea nini?" akaniuliza Rehema. "Si uende hata Tlawi ukawaone ng'ombe wako?"

Hapo nikapata wazo, na kwangu lilikuwa wazo kubwa. Zamani, biashara ilipoanza kunyooka, nilinunua mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, nikamwita Madoa. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, sasa ng'ombe ningemweka uvunguni? Mama Fausta, mkulima wa Tlawi aliyekuwa akileta vitunguu saumu mnadani kwetu, akakubali kunilishia. Ndivyo wafanyavyo kule. Mtu anamwekesha ng'ombe kwa mwenzake. Anayelisha anapata maziwa na samadi, na mwenye mali anabaki na ng'ombe wake pamoja na ndama. Sasa Madoa ana watoto na wajukuu. Nikaamua nikampe Mama Fausta wote, moja kwa moja. Nilijiona mtu mkubwa hata kabla sijafunga mkoba.

Asubuhi ya safari nilipanda Canter ya Hamisi, dereva wa mtaani kwetu anayefuata mzigo Mbulu. Kufika Endasak jua lilikuwa limeshakolea, na alizeti zimeinamisha vichwa pande zote mbili za barabara. Hamisi ni mtu wa maswali.

"Mama Rehema, jengo umemaliza. Sasa kinafuata nini? Ghorofa?"

Nikamwambia aangalie barabara. Swali lilinichoma, maana usiku uliopita nilikuwa nimejiuliza hilohilo, na hata ghorofa yenyewe sikuitamani.

Dareda tulikunywa chai, kisha tukaanza kupanda mlima. Gari lilinguruma kwenye kona, bonde likabaki chini yetu, baridi ikaingia dirishani nikajifunga mtandio mzito. Dongobesh tuliwapita watu wamevaa makoti mchana kweupe. Mbulu mjini nilinunua sukari na majani ya chai, nikaviweka ndani ya sufuria kubwa kuliko zote dukani kwangu, zawadi ya Mama Fausta.

Alasiri tukafika Tlawi. Ziwa lao dogo limezungukwa na matete, na mashamba yanapanda miteremko mpaka juu kabisa. Mama Fausta alitoka kwenye maharage na jembe begani.

"Karibu, Mama Rehema. Mbona hukupiga simu? Umesikia ndama anaumwa?"

"Sijasikia lolote. Nimekuja tu."

Akanitazama kwa makini, akapokea mkoba. Mume wake alikuwa ameketi mlangoni akitengeneza mpini.

"Shikamoo, Baba Fausta."

"Marahaba. Jengo limesimama?"

"Limesimama."

"Mungu ashukuriwe."

Niliwaalika kwenye ufunguzi, lakini Mama Fausta aliniuliza kwenye simu, "Nani atakamua?" Likaishia hapo. Tangu tujuane, hajawahi kufika kwangu zaidi ya pale mnadani.

Walikamata jogoo, wakamwomba Hamisi amchinje. Katika nyumba hiyo ya Wakristo sijawahi hata mara moja kulazimika kuuliza kuhusu nyama. Hamisi akala, akarudi Mbulu kupakia. Nasi tulipomaliza ugali na maziwa ya mgando, nikakohoa kidogo kama mgeni rasmi.

"Nimekuja na neno," nikasema. "Madoa na uzao wake wote nimewapa. Kuanzia leo ni wenu."

Baba Fausta akatazama kikombe chake. Mama Fausta akanyanyuka, akatoka kwenda zizini. Nikadhani amekwenda kulia kwa furaha. Nilikaa pale nikimsubiri arudi kunishukuru, na aliporudi akanionyesha kitanda.

Kulipokucha nilimkuta anakamua. Hakugeuka.

"Mama Rehema, tumekukosea nini?"

"Mmenikosea? Mimi nimewapa mali."

"Hapa kwetu hesabu ya ng'ombe wa kuwekesha ikimalizwa kwa siku moja, ujue watu wamegombana. Ukinipa wote, tumemalizana. Utakuja tena Tlawi kufanya nini?"

"Nitakuja kukuona."

"Hutakuja. Madoa akiumwa unakuja, akizaa unakuja. Hata harusi ya Fausta uliikuta tu, ulikuwa umekuja kuangalia ndama."

Alisema kweli. Nikaona aibu, halafu nikaogopa. Huyu ndiye rafiki wa pekee anayenijua tangu sina hata meza, na nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kuja kumfungia mlango. Nikachuchumaa kando yake nikamwambia yote, jinsi ninavyoamka na kutazama dari, na ninavyogombana na sufuria.

"Nimemaliza, Mama Fausta. Sijui niamke kwa ajili ya nini."

Akasogeza ndoo, akaendelea kukamua.

"Mimi sijui kumaliza kukoje," akasema. "Maharage yakiisha kuna mahindi, mahindi yakiisha kuna samadi ya kutoa. Huko nyuma ya jengo lako kuna nini?"

"Uwanja. Nilitaka uwe wa kuegesha magari."

"Unalo gari?"

"Sina."

Akamwita mumewe, wakazungumza Kiiraqw. Kisha akanionyesha mtamba mwekundu aliyesimama pembeni, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Hakuwa wa uzao wa Madoa. Mama yake walimnunua wenyewe kwa vitunguu saumu.

"Huyu ni wangu. Nenda ukanilishie. Maziwa yako, samadi yako, ndama wangu. Na Madoa abaki wako, hapa kwangu."

"Mimi ni muuza sufuria. Ng'ombe namjulia wapi?"

"Utaniuliza," akasema Mama Fausta. "Simu si unayo?"

Basi nikayarudisha maneno yangu ya jana. Baba Fausta akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaenda kutafuta kamba.

Mchana Hamisi alirudi kutuchukua. Ofisi ya mifugo ilitupa kibali, tukamfunga mtamba nyuma ya magunia ya vitunguu saumu, tukashuka mlima polepole hadi Dareda, mnyama ananuka kama mzigo wenyewe na Hamisi anacheka kila kona. Tulipoingia Katesh, Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu. Rehema alitoka dukani, akashika kiuno.

"Mama, umekwenda kugawa ng'ombe, umerudi na ng'ombe?"

Tangu siku hiyo alfajiri yangu ina kazi. Nakata majani, nachota maji, nazoa samadi, na sufuria zimepumzika. Nilikuwa nikidhani nikifika nilikokuwa nakwenda nitahitaji mahali pengine pa kwenda, pa mbali zaidi. Nilichohitaji ni mtu wa kunidai habari. Majirani wakiuliza ng'ombe ni wa nani, nawajibu ni wa Mama Fausta wa Tlawi, na najisikia fahari ambayo jengo halikunipa.

Siku moja mtamba alikataa kula. Nikapiga simu.

"Nakuja," akasema Mama Fausta.

"Nani atakamua?"

"Baba Fausta atajua mwenyewe."

Kesho yake nilifuta vumbi bango la duka, nikapanga sufuria zinazong'aa mbele, nikasimama mlangoni. Mama Fausta akaja kutoka stendi na kikapu chake, akapita fremu zote tatu bila kugeuza shingo, akanisalimia huku anatembea, akaingia uwanjani. Akamfungua mtamba mdomo, akamshika masikio, akambonyeza tumbo.

"Umemzidishia pumba. Amevimbiwa tu."

Akanawa mikono, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akapumua. Ndipo akainua macho, akatazama ukuta, madirisha, na bati mpaka juu.

"Kumbe duka lenyewe ndilo hili," akasema. "Ni zuri."

Nikajibu kwamba ni la kawaida tu, nikageukia majani ya ng'ombe ili asinione ninavyofuta machozi.