Ua la Nyuma ya Jiwe

Mwezi wa nne uliopita nilipanda Riat, ule mgongo wa mawe unaoitazama Kisumu kutoka juu, nikitafuta ua moja tu. Kama umekulia huku huenda umewahi kuliona: tufe jekundu kubwa kuliko ngumi, nyuzi nyembamba tupu, limesimama juu ya kikonyo kimoja kinene chenye madoadoa. Hutoka ardhini mvua ya masika inapoanza kukolea, na majani mara nyingi hulifuata nyuma. Hupenda kivuli cha mawe, penye udongo mweusi. Nyanya yangu ndiye aliyenifundisha hayo yote.

Boma lake lilikuwa chini ya kilima. Redio ilisema yake, majirani walisema yao, lakini yeye hakutia mbegu ardhini mpaka ua lichanue nyuma ya jiwe moja kubwa kule juu. Alisema mvua ya kwanza ni mgeni wa kunywa chai tu, na ua halitoki mpaka udongo ulowe hadi chini. Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo kila mwaka alinituma mimi. Asubuhi alinimiminia uji wa mtama uliochacha vizuri, jikoni dagaa wa omena wakikaangwa, kisha akaniambia niangalie bila kuchuma. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka mmoja, nilikuwa na miaka tisa hivi. Jua lilikuwa linachoma, na wasichana wenzangu walikuwa bondeni wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nilisikia kelele zao njia nzima. Nikafika nusu ya kilima, nikaona wekundu kati ya mawe kule juu, nikajiambia ndilo. Kumbe ilikuwa shubiri, ambayo huchanua hata wakati wa kiangazi na haina habari na mvua. Nikageuka, nikaenda kucheza.

Jioni aliniuliza, "Nyakwara, ulifika mpaka kwenye jiwe?"

"Nilifika, nyanya. Limefunguka."

Kesho yake aliteremsha mtama wote wa mbegu uliokuwa ukining'inia juu ya moshi wa jikoni, akaupanda. Jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye kila mwaka alifuata jembe la nyanya, naye akapanda. Mvua ilinyesha siku tatu. Miche ikatokeza, kijani cha kupendeza, halafu jua likarudi na kukaa wiki baada ya wiki. Ilikauka yote.

Jirani alikuja akasimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Mama, si wewe ndiye ulisema tupande?"

"Ni mimi," nyanya akasema. "Macho yangu yamezeeka."

Nilikuwa nimeketi palepale nikichambua kunde. Nyanya hakuwa amelitazama ua lile kwa macho yake, na jirani hakujua. Sisi wawili tulijua. Hakunigeukia hata kidogo, nami niliendelea kuchambua, nikitia hata vijiti ndani ya sufuria.

Msimu ule tulikula unga aliotuletea shangazi kutoka Muhoroni. Jirani hakuwa na shangazi. Alihamia Nyalenda, mtaa wa mabanda kule mjini, kufulia watu nguo, na shamba lake likaota magugu. Mwaka uliofuata nyanya alichukua fimbo akapanda kilima mwenyewe, akivuta goti. Nilimwambia nitaenda mimi. Akanijibu kwa upole nimalize uji wangu. Hakunituma tena hata mara moja, na hakuna kiboko ambacho kingeniuma kuliko hivyo.

Sikuwahi kumwomba msamaha. Kila likizo nilijiambia nitasema, kisha naona haya. Siku ya mazishi yake nilipewa kipaza sauti, kwa kuwa ndimi mjukuu aliyelelewa naye. Nikasimulia habari za uji wake, watu wakacheka, nikaketi.

Mwezi wa nne uliopita, nilipopanda Riat, sikulikuta lile jiwe. Limevunjwa kokoto, na malori yamechonga barabara mahali pake. Kuna nyumba, kuna kuta, kuna mbwa. Nilizunguka mpaka miguu ikaniuma, nikichungulia kila penye kivuli. Hatimaye nyuma ya ukuta wa mtu, kando ya mtaro, niliona ua moja. Sikuliamini kwa mbali. Nilikwenda hadi pale, nikapiga magoti matopeni, nikatazama kikonyo, madoadoa, nyuzi. Lilikuwa lenyewe, na lilikuwa limefunguka. Nilikaa pale muda mrefu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumpelekea habari.